Kwa Nini Wakristo Huchukiwa?

Watu wengi wakisikia kwamba Mkristo amechukiwa au ameteswa, husema mara moja, "Amechukiwa kwa ajili ya wema wake." Wengine, wasioipenda dini, husema, "Amejitakia mwenyewe." Maneno yote mawili ni mepesi kusema, na yote mawili yaweza kuwa ya uongo. Chuki ni kama homa: haina chanzo kimoja. Tabibu mwema hampi mgonjwa dawa kabla hajauliza homa imetoka wapi. Kadhalika mtu mwenye akili hatoi hukumu juu ya chuki kabla hajautafuta mzizi wake.

Habari ya nchi ya Buganda, tangu mwaka 1877 hata mwaka 1892, yafunza jambo hili vema sana. Katika miaka hiyo 15 Wakristo wa huko walichukiwa kwa sababu ya haki, wakachukiwa kwa sababu ya kushukiwa, na mwisho wakachukiana wao kwa wao. Kwa hiyo yafaa habari yao isomwe yote, wala isikatwe katikati.

Kabaka Mutesa alikuwa mfalme mwenye nguvu nyingi, na neno lake lilikuwa sheria. Walimu wa kwanza wa Kiprotestanti walifika kwake mwezi wa Juni 1877, na wamisionari wa Kikatoliki wakafika mwezi wa Februari 1879. Waislamu walikuwako kabla yao, maana wafanya biashara wa pwani walikuwa wamekwisha kuleta dini yao pamoja na nguo na bunduki. Vijana wa nyumba ya mfalme waliyapenda sana mafundisho hayo mapya. Wengine walianza kwa vitabu vya Kiswahili, kisha wakasoma kwa Kiganda. Watu wakawaita wasomaji, kwa kuwa siku zile kusoma na kushika dini mpya vilikuwa jambo moja.

Vijana hao walikuwa na matumaini makubwa. Wakubwa wa nchi walikuwa wakiwapeleka wana wao wamtumikie Kabaka, na kijana aliyempendeza aliweza kupewa ukubwa. Chakula chake, nguo yake, cheo chake na hata uhai wake vilikuwa mkononi mwa mfalme. Basi ilikuwa ajabu kubwa kijana wa namna hiyo alipojifunza kwamba yuko Bwana aliye juu ya Kabaka, na ya kuwa amri ya Bwana huyo haivunjwi hata kwa amri ya mfalme.

Huo ndio mzizi wa kwanza wa chuki. Wahenga walisema, mafahali wawili hawakai zizi moja. Mfalme aliyezoea kutiiwa katika mambo yote huona kwamba mtu anayemtii katika mambo yote ila moja ni adui. Wala Wakristo hawakuwa wa kwanza kuyaonja mambo hayo. Mnamo mwaka 1876, kabla mapadre hawajafika, Mutesa aliwaua vijana wengi Waislamu kwa kuwa walikataa kula nyama iliyochinjwa na wachinjaji wake. Mtu akiitafakari habari hiyo ataona kwamba aliyechukiwa hakuchukiwa kwa jina la dini yake. Alichukiwa kwa kuwa moyoni mwake mlikuwa na jambo moja ambalo mfalme hakuweza kuliamuru.

Mutesa akafa mwezi wa Oktoba 1884, na mwanawe Mwanga akakalia kiti chake. Mwanga alikuwa kijana bado, hajatimiza miaka 20. Wakubwa wazee waliomzunguka hawakuwapenda wasomaji, maana waliona ya kuwa vijana hao siku moja watavichukua vyeo vyao. Makuhani wa miungu ya kale nao waliona heshima yao ikipungua. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu, Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga, waliteketezwa kwa moto huko Busega. Baadhi yao walikuwa wamekamatwa walipofuatana na mmisionari Mackay kwenda ziwani.

Mwaka huo huo habari zilifika Buganda kwamba Wajeremani wanazitwaa nchi zilizo karibu na pwani. Katikati ya habari hizo akatokea Askofu James Hannington. Wamisionari wengi waliomtangulia walikuwa wakipita njia ya kusini ya ziwa, lakini yeye alitaka njia fupi, akapita nchi ya Wamasai na kuingia Busoga, yaani upande wa mashariki. Hakujua ya kuwa Waganda waliuogopa sana upande huo, wakisema kwamba watakaoiteka nchi yao watatokea huko. Mwanga akaagiza auawe, naye akauawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885.

Huo ndio mzizi wa pili: dini mpya kudhaniwa kuwa mtangulizi wa utawala wa kigeni. Mwanga alifanya dhambi kumwua mgeni asiye na hatia, tena bila kumsikiliza. Walakini hofu yake juu ya nchi yake haikuwa ndoto. Mwaka 1890 Kapteni Lugard alifika Buganda na askari wa Kampuni ya Waingereza. Mwaka 1891 Kampuni hiyo ilipotaka kuondoka kwa kukosa fedha, marafiki wa misioni huko Uingereza walichanga fedha ili ibaki. Na mwaka 1894 Serikali ya Uingereza ikaitwaa nchi chini ya himaya yake. Basi Mkristo asomaye habari hizi yampasa aseme kweli: si kila aliyewashuku wamisionari alikuwa mtu mwovu. Wengine waliipenda nchi yao, wakaona wageni wawili wakija kwa njia moja, mmoja na kitabu na mwingine na bunduki, wasiweze kuwapambanua.

Yusufu Mukasa Balikuddembe alikuwa mkubwa wa vijana wa nyumba ya Kabaka, tena Mkatoliki. Aliposikia habari ya Hannington alimwonya bwana wake kwamba si haki kumwua mtu bila kumsikiliza. Neno hilo la kweli lilimgharimu uhai wake. Aliuawa tarehe 15 Novemba 1885, na yasimuliwa kwamba aliagiza Kabaka aambiwe ya kuwa amemsamehe, lakini atubu. Mwezi wa Mei 1886 hasira ya Mwanga ikawaka tena, kwa sababu vijana wasomaji walikataa kumtii katika tendo la aibu. Huko Munyonyo akawaamuru wasomaji wasimame upande wao peke yao. Karoli Lwanga akasimama, na wenzake wakamfuata. Wakafungwa, wakatembezwa hata Namugongo, wakakaa kifungoni siku kadhaa huku kuni zikikusanywa. Tarehe 3 Juni 1886 wakateketezwa, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja. Kizito alikuwa na miaka kama 14 tu.

Yafaa kuangalia sana mwenendo wa vijana hao. Hawakumwinulia Kabaka mkono, wala hawakumtukana. Kazi zake walikuwa wakizifanya kwa uaminifu, nao walikataa yale tu yaliyokuwa maovu. Katika chuki ya namna hii kosa lote ni la mwenye kuchukia. Makanisa mawili yanawakumbuka Wakristo 45 waliouawa katika miaka hiyo, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Mateso hayakuikomesha dini, bali watu waliendelea kuja kwa siri kutaka kubatizwa.

Vitabu vingi huikoma habari mahali hapo, na msomaji hukifunga kitabu huku akiwasifu Wakristo. Lakini habari haikuishia hapo.

Mwezi wa Septemba 1888 Mwanga alifanya shauri la kuwaangamiza wasomaji wote. Nao, Wakristo na Waislamu pamoja, wakamwondoa katika kiti chake. Haukupita muda Waislamu wakawafukuza Wakristo. Na mwaka 1889 Wakristo wakarudi kwa vita na kumrudisha Mwanga yule yule. Sasa wasomaji walikuwa ndio wenye nguvu, wakagawanya vyeo na nchi. Hapo ugomvi ukaanza baina yao. Wakatoliki waliitwa Wafransa, na Waprotestanti wakaitwa Waingereza, kana kwamba walikuwa watu wa mataifa mawili ya ng'ambo, hali wote walikuwa Waganda waliozaliwa katika vilima vile vile. Tarehe 24 Januari 1892 pande hizo mbili zilipigana kwa bunduki huko Mengo, na Kapteni Lugard akawasaidia Waprotestanti kwa bunduki zake za mzinga, wakashinda.

Tangu moto wa Namugongo hata vita vya Mengo ilikuwa haijatimia miaka sita. Moto ule haukuuliza nani Mkatoliki na nani Mprotestanti. Bila shaka katika vita hivyo walikuwamo watu waliokuwa na ndugu na rafiki miongoni mwa waliochomwa. Sasa walipigana juu ya vyeo na mashamba. Hakika kikulacho ki nguoni mwako.

Na fikiri juu ya mzee mmoja wa Mengo, mtu wa dini ya kale, aliyetazama mambo hayo mlangoni pake. Siku ile, kama aliichukia dini ya Kikristo, je, aliichukia kwa sababu ya mafundisho yake, au kwa sababu ya matendo aliyoyaona? Huu ndio mzizi wa tatu wa chuki, yaani makosa ya Wakristo wenyewe. Chuki hii hakuileta Kabaka wala hawakuileta makuhani wa kale. Wakristo waliinunua kwa mali yao wenyewe.

Labda mtu atasema kwamba kuyataja makosa hayo ni kuwavunjia heshima mashahidi wa Namugongo. La, sivyo. Anayewavunjia heshima ni yule anayejifunika kwa jina lao ili asilaumiwe kwa makosa yake. Mtu akimdhulumu jirani yake, kisha jirani akimkasirikia, naye akisema, "Ninachukiwa kwa ajili ya imani," mtu huyo amelichukua vazi la Kizito na kulivaa bila haki.

Jambo hili si la wafalme na maaskofu peke yao. Mwanafunzi wa shule ya misioni arudipo nyumbani wakati wa likizo huweza kuiona mizizi yote mitatu katika nyumba moja. Akikataa kusema uongo ili kumfichia mwenzake wizi, na mwenzake akamchukia, asihuzunike sana. Huo ni mzizi wa kwanza, na wako wakubwa waliomtangulia katika njia hiyo. Babu yake akimwuliza kama elimu hii itamfanya asahau ukoo wake, asimjibu kwa dharau. Huo ni mzizi wa pili, na dawa yake ni upole na muda. Amwonyeshe kwa matendo kwamba Mkristo ajua bado kuamkia wazee, kuteka maji, na kuketi penye matanga ya jamaa zake. Lakini kama amewaita wazee wake washenzi, amekataa jembe kwa kuwa ajua kalamu, au amemcheka mtoto wa dini nyingine, kisha akaona watu wamemwepuka, basi asijiite shahidi. Huo ni mzizi wa tatu. Atubu, aende akaombe radhi.

Kwa hiyo Mkristo achukiwapo, swali la kwanza lisiwe, "Nani adui yangu?" Swali la kwanza liwe, "Nimetenda nini?" Akiisha kujichunguza na kuona kwamba hana kosa, ndipo avumilie kwa moyo mkuu. Tena hata hapo asisahau ya kuwa mwenye kumchukia ni mtu, mwenye hofu yake, na mara nyingi hofu hiyo ina sababu.

Mwanga mwenyewe ni ushuhuda wa jambo hilo. Waingereza walimpeleka uhamishoni visiwa vya Shelisheli mwaka 1899. Huko akabatizwa, akaitwa Danieli, na huko akafa mwaka 1903. Mfalme aliyewachoma wasomaji alikufa akiwa na jina la msomaji. Na kila mwaka tarehe 3 Juni watu wengi hukusanyika Namugongo, wengine wakiisha kutembea kwa miguu siku nyingi. Wafanya vema kuwakumbuka waliochomwa. Watafanya vema zaidi wakikumbuka na Mengo pia, kusudi wajue ni chuki gani ya kuvumiliwa, na ni chuki gani ya kutubiwa.

Maswali

1. Kwa nini wafuasi wa dini mpya waliitwa wasomaji?
2. Mwanga aliogopa nini aliposikia kwamba Askofu Hannington anatokea upande wa mashariki?
3. Eleza tofauti baina ya mambo ya Namugongo na mambo ya Mengo.
4. Taja mizizi mitatu ya chuki, na kwa kila mmoja utoe mfano wa mambo ya nyumbani au shuleni.