MASTAA, KIJIJI CHA JUU YA MAJI SI STUDIO YA PICHA ZA BETHDEI!

Kuna staa mmoja wa kike wa filamu hapa Bongo, jina kapuni, bethdei yake inakaribia na mwaka huu hataki Dubai wala Zanzibar. Anataka kwenda Ganvié, kile kijiji cha nchini Benin ambacho nyumba zake zimesimama juu ya nguzo katikati ya ziwa. Kachoka kupiga picha kwenye mabwawa ya hoteli, safari hii anataka ziwa zima.

Mpaka hapo hakuna ubaya wowote. Tena hongera, maana mastaa wengi wakitajiwa Benin wanadhani ni jina la mchezaji wa mpira.

Msala ulianza alipoanika mipango yake mwenyewe mtandaoni. Nguo saba. Wapiga picha wawili na drone moja. Keki itakayopangwa juu ya mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja. Moshi wa rangi. Na watoto wa kijijini hapo ishirini, watakaovalishwa fulana zenye sura yake, halafu wapewe biskuti na pipi. Kuhusu mwenye mtumbwi, dada kasema huyo watakomaa naye bei huko huko, hawezi kuwa ghali.

Mashabiki wakashangilia. Wengine wakacheka, eti watu wa kule wanaishi kama bata. Msanii mmoja wa Bongo Fleva naye akadandia kwamba hiyo ndiyo Venice ya Afrika, wakifika wafanye na video kabisa.

Sasa isome ile orodha tena. Kuna nguo, kuna keki, kuna moshi. Kuhusu kuwaomba ruhusa wenye kijiji, hakuna hata mstari mmoja. Yaani mtu anapanga kwenda na drone kwenye makazi ya watu zaidi ya 20,000, na wazo la kubisha hodi halijamjia kichwani.

Pengine hajui anakwenda kwa nani. Ajue basi.

Ganvié iko kwenye Ziwa Nokoué, jirani na jiji la Cotonou. Wenyewe wanaitwa Watofinu. Wazee wao hawakwenda kujenga majini kwa sababu mandhari ni nzuri wakati jua linazama. Walikuwa wanakimbia. Miaka ile, bara kulikuwa na ufalme wa Dahomey, na nchi yenyewe imeitwa Dahomey mpaka mwaka 1975. Askari wa ufalme huo walikuwa wanavamia vijiji, wanakamata watu na kuwapeleka Ouidah, pwani, ambako waliuzwa kwa Wazungu na kupakiwa kwenye meli za kwenda Amerika. Wengi wa waliopanda meli zile hawakurudi.

Watofinu wakaingia ziwani. Inasimuliwa kwamba miiko ya askari wa Dahomey iliwakataza kupigana majini, kwa hiyo wakiishia ukingoni wanageuza. Wenyeji wana simulizi yao nyingine, kwamba mfalme wao aligeuka ndege akaruka kutafuta mahali salama, kisha akageuka mamba ili asaidie kuwavusha watu wake. Uamini usiamini, shauri yako. Ila jina la Ganvié lenyewe hutafsiriwa kuwa ni jamii ya waliookoka.

Soma tena: waliookoka. Kijiji kizima kipo pale kwa sababu watu walikataa kuchukuliwa bila ridhaa yao. Halafu leo anatokea mtu na nguo saba, anakuja kuwachukua bila ridhaa yao. Safari hii hawatiwi kwenye meli, wanatiwa kwenye simu. Mastaa watasema hayo mawili hayalingani. Kweli, hayalingani hata kidogo. Lakini tabia ya kumwona binadamu kama kitu cha kubeba na kuondoka nacho, hiyo ni ile ile.

Na watu wa Ganvié siyo kwamba wamekaa kimya. Wasafiri wengi waliofika pale wanaeleza jambo moja: ukinyanyua kamera, akina mama kwenye mitumbwi wanainamisha vichwa, wanajifunika na zile kofia zao pana za ukindu, au wanageuka. Jibu limeshatolewa bila mdomo kufunguliwa. Mtu anayeficha uso anakwambia hataki. Huhitaji kujua Kifaransa kuelewa hilo.

Na akina mama hao hawapo pale kupamba ziwa, wapo kazini. Soko la Ganvié linaelea: samaki, mboga, kuni, chakula kilichopikwa, vyote vinauzwa mtumbwi kwa mtumbwi. Wanaume wanavua na kufuga samaki kwa njia yao ya zamani iitwayo acadja. Wanakita matawi ya miti kwenye tope la ziwa mpaka kinakuwa kama kichaka ndani ya maji, samaki wanakuja kula na kujificha humo, baadaye kinazungushiwa wavu wanavuliwa. Hilo ni shamba la mtu. Ukipita na mitumbwi yako miwili ya keki juu ya acadja, umekanyaga shamba la mtu kama vile mtu aingize gari kwenye mpunga wa Kyela.

Hao ndio wanaoitwa bata. Hivi bata gani amewahi kujenga soko, shule na nyumba za ibada juu ya maji? Nguzo za mbao zinaoza, lazima zibadilishwe. Maji yamewazunguka pande zote lakini ya kunywa lazima mtu apige kasia kuyafuata kwenye bomba. Wewe unayecheka, umeme ukikatika saa mbili unajaza malalamiko mtandao mzima.

Sasa tuje kwa staa mwenyewe, maana hapa ndipo panapouma. Mwaka jana dada huyu alipigwa picha sokoni akiwa na khanga na kandambili, hana wigi, hana make up, kabeba mfuko wa dagaa. Picha ikasambaa. Alilia siku tatu. Alisema amedhalilishwa, kwamba hata yeye ni binadamu na ana haki ya kwenda sokoni kwa amani. Meneja wake akatishia kwenda polisi na kuitaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na watu wengi walimuunga mkono, kwa sababu alikuwa sahihi. Kabisa, alikuwa sahihi.

Basi yule mama wa Ganvié mwenye samaki kwenye mtumbwi naye yuko sokoni. Naye hajajiandaa kupigwa picha. Tofauti ni kwamba hana meneja wala wafuasi, na hawezi kuandika Kiswahili chini ya posti ya mtu wa Dar kwamba iondoe hiyo picha yangu. Haki aliyoililia staa ni ya wenye majina tu?

Wabongo ndo kabisa hawana pa kujificha kwenye hili. Mzungu akimpiga picha mama anayelima mwani kule Paje bila kumwomba, mitandao inawaka moto. Akimkumbatia mtoto wa Kimasai na kuandika maneno ya huruma, anaitwa kila jina. Wabongo wakifika kwa Waafrika wenzao na simu kali mkononi, wanageuka wao ndo Wazungu.

Timu staa wameshaanza kujibu kwamba anaitangaza Afrika. Anaitangazaje kwa kuiita Venice? Mwenye nyumba ana jina lake, litaje. Tena kama lazima mfananishe, inasimuliwa kwamba hata Venice ilianza na watu waliokimbilia majini kujiokoa na wavamizi. Kama mngekuwa mnamaanisha hilo, sawa. Ila mnamaanisha picha tu.

Wanasema pia wenyeji watapata hela. Hii ni hoja ya kweli na haipaswi kudharauliwa. Utalii ni riziki pale. Kuna wapiga kasia, wenye vyumba vya wageni, wauza vinyago na vitambaa. Wanaosema watu wasiende kabisa Ganvié nao wanakosea, maana wanawanyima wenzao mteja. Lakini angalia hesabu ya safari hii. Gauni moja tu, kwa maneno yake mwenyewe, ni milioni mbili. Mwenye mtumbwi, ambaye ndiye atakayewabeba, kuwasubiri na kuwarudisha salama, ndiye pekee kwenye orodha nzima wa kukomaa naye bei. Hapo nani ananufaika?

Kuhusu biskuti, watoto wa Ganvié wanakwenda shule kwa mtumbwi, wengine wanapiga kasia wenyewe wakiwa wadogo kabisa. Mtoto akizoea kwamba boti ya wageni ni pipi, atakuwa anakimbiza boti muda wa darasa. Na fulana yenye sura ya staa ambaye hajawahi kumwona ni ya nini kwake? Hilo ni bango la kutembea, limevalishwa mtoto. Mzazi wake kaulizwa?

Basi, kwa kuwa tiketi bado haijakatwa, mpango unaweza kupangwa upya. Mtanzania akienda Benin hahitaji viza, nchi hiyo imewafungulia mlango Waafrika wote. Tayari hilo ni ukarimu wa kutosha wa kumfanya mgeni ajiheshimu. Kinachotakiwa ni pasipoti iliyo hai na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Ndege ni za kuunganisha, kwa hiyo bajeti ianzie hapo kabla ya kwenye nguo. Hela ni faranga za CFA, na ukienda bila chenji utasumbuka mtumbwini. Kifaransa ndicho cha serikali, jifunze hata salamu na kuomba samahani.

Miezi ya Desemba mpaka Machi ni ya kiangazi, safari inakuwa nyepesi. Kuanzia Aprili mvua zinapamba moto. Kutoka Cotonou unakwenda Abomey-Calavi, pale ukingoni ndipo mitumbwi inapopakia. Chukua mwongoza watalii ambaye ni mzaliwa wa ziwani. Mlipe vizuri. Mwambie mapema kwamba unataka picha, aulize kwa niaba yako, na akisema nyumba ile hapana, ni hapana. Drone iombewe kibali kabla hata haijaingia kwenye begi. Lala usiku mmoja kijijini, kula samaki wao, nunua kwa bei wanayouza wao. Nguo mbili zinatosha. Keki, kama ni lazima, kateni hapo mlipofikia pamoja na wenyeji wenu.

Na siku ya kwanza simu ikae mfukoni. Ukimwangalia mtu usoni bila kamera katikati, ndo utajua kama unakaribishwa au unavumiliwa.

Staa akifanya hivyo atarudi na picha chache kuliko alizopanga, lakini kila sura iliyomo itakuwa imekubali kuwemo. Mashabiki wake wataona kitu ambacho hawajawahi kukiona kwenye ukurasa wake: anawataja watu wengine kwa majina yao, na wala siyo kwenye orodha ya wadhamini. Akishindwa, basi abaki Dar, akodi bwawa, aweke moshi wake wa rangi mpaka majirani wakohoe. Hakuna atakayemsumbua.

Ila asiende kwa watu ambao babu zao waliingia ziwani ili wasikamatwe, halafu awafanye wakimbie tena kwa kujifunika na kofia.

Haya mdau, uwanja ni wako. Je, staa aende na nguo zake saba au apange upya? Na wewe, umewahi kumpiga mtu picha bila kumwomba ukaiposti? Funguka hapo chini kwenye maoni, matusi mwiko!