Ugomvi wa Wakubwa na Minara Yetu ya Simu

Katika mikutano yetu huku bondeni twaulizwa: ugomvi wa biashara wa Marekani na China watuhusu nini sisi wakulima wa mpunga wa Namawala? Twajibu: watuhusu sana. Fedha ya mpunga siku hizi hupita katika simu ya mkononi, na simu haisemi bila mtambo ulio mnarani. Mtambo huo hatuuundi sisi, twaununua ng'ambo.

Mei 2019 Marekani iliiwekea kampuni ya Huawei ya China vikwazo vya biashara, na mwaka uliofuata ikazidi kuibana isipate chipu. Uingereza, ambayo Januari 2020 ilikuwa imeiruhusu kampuni hiyo kwa kiasi, ilipofika Julai ikageuka na kuamuru mitambo yake yote iondolewe katika mitandao ya 5G kabla ya mwaka 2027 kwisha. Miezi sita tu, ndugu! Ikiwa taifa tajiri lageuzwa hivyo, sisi ambao Mkongo wetu wa Taifa wa Mawasiliano ulijengwa kwa mkopo wa China tutasalimika vipi?

Hatusemi Wachina wafukuzwe. Miaka ya 1960 tulipotafuta fedha za reli ya kwenda Zambia, Benki ya Dunia na nchi za Magharibi zilikataa. China ikakubali, mkataba ukatiwa sahihi 1967, na reli hiyo yapita hapa Ifakara. (Nayo haikuwa sadaka: gharama za humu nchini zililipwa kwa kuuza bidhaa za China madukani mwetu.)

Lakini nendeni Kidatu mkaone. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000. Ya TAZARA 1,067, ipate kulingana na ya Zambia. Tofauti haizidi vidole vinne, lakini behewa halivuki. Mzigo hushushwa ukapakiwa upya. Kila mjenzi alikuwa na sababu yake. Anayelipa ni mwenye mzigo.

Mitambo ya simu ni vivyo hivyo. Redio ya mnarani ya kampuni moja kwa kawaida haishikani na kompyuta ya kampuni nyingine. Ukinunua kwa mmoja umefungwa kwake. Kwa hiyo twataka serikali, inapotoa ruzuku ya minara kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, idai mitambo inayoweza kuungana na ya wengine, na vijana wetu wafundishwe kuifungua na kuitengeneza. Na balozi yeyote atakayekuja kutuambia tuing'oe, atuonyeshe kwanza fedha ya kuweka mingine, tena atutajie ni mnara upi utakaozimwa wakati wa mavuno.