Goma: Ambulansi ikilia, mgonjwa apewe njia

Mjini Goma, mkoani Kivu ya Kaskazini, sauti ya ambulansi imekuwa kama kelele nyingine za barabara. Kwenye njia ya Sake, kati ya Mugunga na Ndosho, madereva wengi wanaisikia na kubaki katikati. Wamotari wanapenya mbele yake, wengine wanaifuata nyuma ili wafaidike na nafasi iliyofunguliwa.

Sheria iko wazi. Kanuni ya barabara ya Kongo, yaani sheria nambari 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978, inataka kila mtu aliye barabarani aachie njia gari la dharura linalopiga sirene, na ikibidi asimame. Kwa kuwa nchini Kongo magari hupita kuume, dereva anasogea kuume na kungoja lipite.

Ndani yake huenda amelala mama mzazi anayevuja damu au raia aliyepigwa risasi. Familia za wahami zinalijua jambo hili vizuri: wengi wametoka vijijini ambako mgonjwa hubebwa kwa kipoyi hadi barabara kubwa. Saa nyingi zimekwisha kupotea njiani. Ni aibu dakika zilizobaki ziishie kwenye msongamano wa mjini.

Lakini lawama si za madereva peke yao. Kuna wakubwa ambao magari yao yanapiga sirene wakienda mkutanoni, hata wakirudi nyumbani kula. Mwananchi aliyesukumwa kando leo kwa ajili ya mkubwa, kesho hataamini sirene ya mgonjwa. Vilevile dereva wa ambulansi asipige sirene bila dharura, na haki ya kutangulia haimpi ruhusa ya kugonga watembea kwa miguu.

Polisi wa barabarani waanzie hapo: wazuie sirene za wasiostahili, ndipo wawaadhibu wanaoziba njia. Vyama vya wamotari vifundishe wanachama wao kwenye vituo. Wauzaji nao waache nafasi, maana dereva hawezi kusogea kando ikiwa kando kumejaa nyanya na makala.

Tena, wahami wengi hufikishwa hospitalini kwa pikipiki, na pikipiki haina sirene. Ikipita na mgonjwa aliyeshikiliwa katikati ya dereva na ndugu yake, ipewe njia vilevile.