Pepo ya kisiwani na wanaoitumikia

DIRISHA LA VITABU
Na Mwanaidi Shekue

Tangazo la safari likitaka kumvuta mgeni aje Unguja, humwonyesha mchanga mweupe, mnazi ulioinama na bahari ya kijani, tena pasiwe na mtu. Picha hiyo haikubuniwa na wafanyabiashara wa utalii. Wameirithi kutoka vitabuni, na nina hakika vitabu ndivyo vitakavyoisahihisha.

Mwaka 1788 Mfaransa Bernardin de Saint-Pierre alichapisha Paul et Virginie, riwaya iliyopendwa mno Ulaya. Watoto wawili wanakulia Mauritius, wakati huo koloni la Ufaransa, katikati ya miti ya matunda na vijito. Mwandishi alikifahamu kisiwa hicho. Alikaa huko mwishoni mwa miaka ya 1760, na mwaka 1773 alitoa kitabu cha safari kilicholaani ukatili waliotendewa watumwa. Hata hivyo, ndani ya pepo yake wamo Domingue na Marie, watumwa wa familia za watoto hao, wanaolima na kupika kwa bashasha.

Limo pia tukio moja ambalo kila nikilisoma hunikaba koo. Mwanamke mtumwa aliyetoroka, amekonda na mwili umejaa makovu ya mijeledi, anafika kwa Virginie kuomba msaada. Virginie anamlisha, kisha anafuatana naye kumrudisha kwa bwana wake na kumwombea msamaha. Bwana anakubali. Haupiti muda, Domingue anamwona mwanamke yule amefungwa mnyororo mguuni kwenye gogo, shingoni kavishwa pete ya chuma. Riwaya inaendelea na mapenzi ya Paul na Virginie.

Watu kama yeye walitoka wapi? Wengi walitoka Madagaska na Msumbiji, na wengine pwani yetu. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa ili auziwe watumwa 1,000 kila mwaka. Basi bustani ile iliyowatoa machozi wasomaji wa Paris ililimwa pia kwa mikono iliyopakiwa merikebuni hapa kwetu, kwa idhini ya mtawala wa hapa hapa.

Ndiyo maana nawaheshimu sana waandishi wa Zanzibar, ambao wamewaweka mbele wale wanaofanya kazi. Adam Shafi, katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), anatupeleka shambani kwa mwinyi na kutuonyesha Kijakazi, mtumishi mtiifu anayedharauliwa na bwana anayemtumikia. Mwaka uliofuata alitoa Kuli, riwaya ya wabeba mizigo wa bandarini na mgomo wao. Said Ahmed Mohamed naye, katika Asali Chungu na Utengano, aliingia majumbani na kufichua dhuluma iliyojificha nyuma ya milango ya heshima. Kisiwa ni kile kile cha matangazo ya safari, karafuu ni zile zile, ila sasa tunamwona anayepanda mkarafuu, anayechambua makonyo na anayeanika majamvini.

Wapo watakaosema kuwa utalii unatulisha, tusiwachafulie wageni starehe yao. Utalii unalisha kaya nyingi, sikatai. Lakini mgeni aliyezoeshwa kuona pepo isiyo na watu hataona ajabu wavuvi wakizuiwa kupita ufukweni, wala hatauliza aliyetandika kitanda chake analipwa nini. Fasihi ya namna ya Paul et Virginie humzoesha msomaji kutouliza.

Kwa hiyo nawaomba wenye hoteli waweke riwaya za Zanzibar pale mapokezi, pamoja na tafsiri zake zinapopatikana. Waongoza watalii kwenye mashamba ya viungo, mkishamnusisha mgeni karafuu, mwelezeni habari za wachumaji wake. Nanyi walimu, msiishie kuwakaririsha wanafunzi dhamira na wahusika kwa ajili ya mtihani. Waulizeni swali moja kwa kila kitabu kinachosifu uzuri wa mahali: nani anafanya kazi hapa, na amepewa nafasi ya kusema?