MASHINE YA SUKARI SIO YA KUPIGIA PICHA, MFUNDISHE MAMA KUITUMIA!

Kuna staa mmoja wa hapa Chuga, jina linabaki kapuni. Siku ya Kisukari Duniani, 14 Novemba, alimpelekea mama yake mashine ya kupimia sukari kule Elerai. Picha zikapigwa, zikapostiwa, komenti zikamiminika: "mtoto ndo huyu", "barikiwa sana broo". Jamaa akawasha gari, akasepa. Hakuna aliyemwonyesha bi mkubwa ile kitu inatumikaje.

Siku chache mbele, mama katoka kumenya embe, kafuta mikono kwenye kanga, kajitoboa kidole. Mashine ikasoma 19. Akaingiwa na hofu, akaongeza dozi ya insulini na chakula cha mchana akaacha. Jioni jasho linamtoka, anatetemeka, maneno hayaeleweki. Bahati nzuri binti wa jirani anasomea unesi. Akamnawisha, akampima upya: 2.8! Fasta akampa soda, ndo mama akarudi.

Kumbe ile 19 ilikuwa ni embe lililobaki kidoleni.

Wapo wanaomtetea staa, eti kufundisha ni kazi ya hospitali. Sawa, kliniki wanafundisha. Ila mtu mzima akielekezwa mara moja kwenye foleni, akifika nyumbani kashasahau nusu. Aliyenunua mashine ndo akae naye, apime mbele yake mpaka azoee.

Na wala sio ngumu. Nawa kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kausha vizuri. Baridi ya Chuga ya mwezi wa saba inagandisha vidole, hayo maji ndo yanasaidia damu itoke bila kukamua kwa nguvu. Toboa pembeni ya ncha ya kidole, maumivu yanapungua. Vijiti vya kupimia angalia tarehe, kopo lifungwe muda wote, unyevu unaviharibu. Kitobolea kila mtu na chake. Namba iandikwe kwenye daftari, na saa, kabla au baada ya kula.

Namba ikija ya ajabu, nawa, rudia kabla hujaongeza dawa. Ikigoma kushuka, piga simu kliniki. Ikiwa chini ya 4, kitu cha sukari kwanza, maswali baadaye.

Picha ya zawadi bado ipo kwenye peji ya staa. Video ya kumfundisha mama kunawa mikono? Haipo mpaka leo.

Je, mama yako nyumbani anapima vipi? Dondosha komenti yako hapo chini.