Kumrudi Mtoto si Kumvunja

Limekuwa neno la kawaida vijijini mwetu, hata barazani kwa wazee wa kanisa, kwamba mtoto wa miaka miwili asemaye "Sitaki" ana kiburi, na ya kuwa kiburi hicho yapasa kivunjwe mapema kabla hakijaota mizizi. Mama ambaye mwanawe anajigaragaza mchangani huambiwa na jirani, "Mpige huyo, atakupanda kichwani." Nasi walimu, tuwapokeao watoto hao shuleni wakiisha kupigwa miaka minne mitano, twasema kwamba shauri hilo ni baya.

Na tumtazame kwanza mtoto mwenyewe. Katika umri huo asikia maneno mengi kuliko awezayo kuyasema. Ajua atakacho, lakini ulimi haujamfuata. Apenda kuchota maji kwa kikombe chake mwenyewe, na kumenya ndizi yake mwenyewe. Nawe ukimmenyea kwa haraka zako, hulia kana kwamba nyumba imeungua. Lakini hamu hiyo ya kutenda kwa mkono wake ndiyo ile ile tutakayoitafuta kwake akiwa na miaka kumi, tumwambiapo ashike jembe au kitabu bila kusukumwa. Tena ile sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, imsaidiayo mtu kujizuia, huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20. Twamdai mtoto wa miaka 2 uvumilivu ambao wazee wengine hawanao chakula kikichelewa.

Yafaa pia kuuliza ukaidi huo ulianza lini. Mara nyingi ulianza mwezi ule mama alipojipaka shubiri au pilipili ili amwachishe ziwa, kwa kuwa ana mimba nyingine. Kwa siku chache mtoto amepoteza ziwa, amepoteza mgongo wa mama, amepoteza na mahali pake pa kulala. Kisha hupewa uji wa muhogo mtupu, asubuhi na jioni. Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyekuwa akiwatibu watoto huko Gold Coast, nchi iitwayo Ghana tangu mwaka 1957, aliandika katika jarida la waganga, The Lancet, juu ya ugonjwa ambao watu wa Ga waliuita kwashiorkor, yaani ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake mdogo wake azaliwapo. Kwetu huitwa unyafuzi. Wengi wetu huujua kwa kuvimba miguu na nywele kubadilika rangi. Lakini mgonjwa wake huwa pia mwenye chuki, hataki kushikwa, hataki kula, hulialia mchana kutwa. Je, ni wangapi waliochapwa kwa inda, kumbe ni mwili uliokuwa ukilalamika? Mtoto aliyebadilika tabia ghafula apelekwe kliniki akapimwe uzito kabla mtu hajakwenda kukata fimbo. Na ziwa, waganga wasema, lafaa liendelee hata miaka 2 na zaidi, pamoja na vyakula vingine.

Watetezi wa fimbo hukimbilia Mithali za Suleiman. Twazijua, twazifundisha. Lakini neno la Kiebrania lililofasiriwa fimbo katika Mithali ndilo lile lile la Zaburi ya 23, ambamo Daudi aihesabu fimbo ya mchungaji kuwa faraja kwake. Kondoo gani afarijiwaye na fimbo impigayo daima? Na wasome pia habari za Rehoboamu, mwana wa Suleiman huyo huyo. Watu walimwomba awapunguzie nira. Wazee wakamshauri ajibu kwa upole. Naye akaahidi mapigo makali kuliko ya baba yake, akapoteza makabila kumi. Wengine hutushika kwa methali ya kwetu, kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Ni kweli, hukunjwa. Hatujasikia mvuvi amvunjaye.

Baya kuliko fimbo, kwa maoni yetu, ni uongo. "Nyamaza, zimwi laja! Nyamaza, daktari atakuchoma sindano!" Zimwi haliji, na mtoto ajifunza kwamba kinywa cha mama yake husema yasiyo kweli. Daktari naye yupo kweli. Katika Tanzania na Kenya chanjo ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Ile ya pili huangukia papo hapo katika majira ya ukaidi. Mtoto aliyetishwa humwona muuguzi kuwa ndiye adui aliyehadithiwa, hupiga mayowe, na mama mwenye haya huondoka kwenye foleni. Surua haimsamehi mtu kwa haya zake.

Mtu asiseme kwamba twafundisha kudekeza. Penye mafiga, penye kisima, penye panga, mtoto ashikwe mkono, aondolewe, aambiwe "Hapana" mara moja, na hapana hiyo isigeuke kuwa haya baada ya machozi. Nyumba nyingi zaharibikiwa hapa. Mama akataa, bibi ampa sukari kwa siri; mtoto si mjinga, hurudi palipo rahisi. Wengine humtia simu mkononi ili anyamaze, ingawa Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya vyombo hivyo kabisa. Na baba ambaye kazi yake ni kungojewa jioni aje kupiga, huyo amekubali kuwa zimwi nyumbani mwake.

Limebaki la kanisani. Shirika hilo hilo lashauri mtoto wa mwaka mmoja mpaka miwili alale saa 11 hadi 14 kila siku, usingizi wa mchana ukihesabiwa. Nasi twamwamsha alfajiri, twamtembeza mwendo mrefu, twamkalisha kimya toka saa tatu mpaka saa saba, na alipolia kwa njaa na usingizi shingo zote hugeuka kumtazama mama kwa ukali. Wanafunzi waliowazuia watoto wasimwendee Bwana ndio waliokemewa siku ile. Twayaomba mabaraza ya kanisa yatandike mkeka chini ya mti ulio karibu na mlango, pasipo mbali na sauti ya msomaji, iwepo ndoo ya maji na uji kidogo, na wazee washike zamu ya kuwatunza watoto hapo, mmoja kila Jumapili. Zamu ya kwanza apewe yule asemaye kwa sauti kubwa kuliko wote kwamba watoto hawa wapigwe.