Kompyuta Kongwe Bado Zina Kazi Kasoli

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo endeshi uliotoka mwaka 2015, imeenea dhana kwamba kompyuta kongwe za maofisini na mashuleni zimekwisha umri, na kwamba lililobaki ni kuzirundika stoo na kuomba fedha za kununua nyingine. Dhana hiyo siikubali. Kompyuta ya mezani iliyoundwa mwaka 2013, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 na prosesa nzima, haikupungukiwa na nguvu hata kidogo usiku ule. Kilichobadilika ni sharti la muuzaji, maadamu Windows 11 hudai chipu maalumu ya usalama na prosesa za aina ambazo aghalabu zilianza kuuzwa mwaka 2017 na kuendelea, na mashine isiyo na sifa hizo hukataliwa ingawa ina siha njema.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika kata kama Kasoli, wilayani Bariadi, ambako riziki ya nyumba nyingi hutegemea pamba na mvua, na ambako mwalimu au karani wa chama cha ushirika akiikosa kompyuta moja, pengine hana ya pili ya kukimbilia.

Dawa ipo. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki, aliitoa Linux, kiini cha mfumo endeshi, na juu ya kiini hicho watu wa mataifa mengi wamejenga mifumo kama Debian, Ubuntu na Linux Mint, ambayo mtu huichukua bila ya malipo na kuwanakilia wenziwe bila ya kuvunja sheria. Linux Mint ya Xfce, iliyo nyepesi, hutosheka na kumbukumbu ya gigabaiti 2, ingawa 4 ni bora. Flashi moja ya gigabaiti 8, iliyotayarishwa mjini Bariadi na kupelekwa Kasoli, yatosha kuzihudumia kompyuta zote za shule, moja baada ya nyingine. Nayo ina fadhila hii, kwamba fundi aweza kuiwasha kompyuta kutoka katika flashi yenyewe, akajaribu sauti, kioo na mtandao, bighairi ya kugusa chochote kilichomo katika diski, mpaka moyo wake utulie. Akiazimu kuusimika mfumo huo peke yake, na ahifadhi kwanza mafaili yote pahali pengine, kwani diski itafutwa. Na zikipatikana fedha kidogo, azitumie kuitoa diski ya zamani inayozunguka na kutia ya SSD, maana sijui badiliko jingine linaloipa kompyuta kongwe wepesi kama huo.

Fauka ya hayo, virusi vile vya flashi vinavyoficha mafolda ya watu na kuacha vivuli vyake, ambavyo vimewaliza walimu wengi usiku wa kuamkia mitihani, viliandikwa kwa ajili ya Windows, na ndani ya Linux havipati pa kuendea.

Wala ilimu hii si ya ghaibu. Mwezi Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux uliosaidiwa na Waswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kukokotolea yenye menyu za Kiswahili fasaha. Nami nasikitika kwa dhati kwamba jitihada ile haikupata mwendelezo uliostahiki. Leo LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice, hufungua na kuhifadhi hati za Word na Excel.

Wenye hofu nao wana haki yao. Ziko printa zisizoelewana na Linux, na ziko programu za uhasibu zilizotengenezwa kwa Windows tu. Mashine zenye kazi hizo zisiguswe kwa pupa. Lakini kuandika mitihani, kupanga alama, kusoma barua pepe na kuingia katika mifumo inayofunguliwa kwa kivinjari, yote hayo Linux huyafanya.

Ninaloliomba kwa Halmashauri ya Wilaya ya Bariadi ni kwamba, kabla kompyuta yoyote ya umma haijaandikwa katika orodha ya vifaa chakavu, ofisa wa TEHAMA aijaribu kwanza kwa flashi ya Linux, na kwamba wakati wa likizo wafunzwe walimu wawili wa kila shule, si mmoja, kwa kuwa mwalimu huhamishwa na kompyuta hubaki.